Reli haijafika Gitaza, lakini mizigo yake ilifika: historia ndani ya behewa la kopo

Ndugu zetu vijana, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua: Burundi haina reli. Ukisimama Gitaza, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, huku mlima, huku ziwa, hata ile barabara yenyewe mvua ikikasirika inakatika. Treni itapita wapi? Sasa mtu akituona tumekaa na watoto tunakata makopo ya mafuta ili kutengeneza mabehewa ya mizigo, anatucheka. "Mnatengeneza kitu ambacho hamjawahi kukipanda." Ni kweli, wengi wetu hatujakipanda. Lakini hicho kitu kimetubeba sisi, wazazi wetu na chakula chetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Hiyo ndiyo historia tunayotaka kuwaandikia leo, na tutaifuata vile tunavyolijenga behewa, kipande kwa kipande.

Vifaa si vigumu. Kopo la mafuta la chakula cha msaada, lile la mraba, linafunguliwa na kunyooshwa mpaka liwe bati. Waya tunatoa kwenye tairi lililochomwa. Magurudumu tunakata kwenye ndala zilizokwisha. Tunahitaji pia mkasi mzito, koleo, msumari butu na rula. Kipimo chetu ni 1 kwa 40, yaani kila sentimita 40 za behewa la kweli zinakuwa sentimita 1 kwetu. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 30. Upana wa mita 2 na nusu unakuwa sentimita 6 na kidogo. Watoto wanafanya hesabu hizi bila kulalamika, kwa sababu wanaona zinatoka wapi.

Swali la kwanza kabla ya kukata chochote ni hili: reli zako mbili zimeachana kiasi gani? Na hapo ndipo historia inaanza.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, karibu kilomita 1,250 kutoka baharini. Waliofanya kazi ngumu ni maelfu ya vibarua Waafrika, wakiwemo Wanyamwezi wengi, waliochimba, waliobeba na waliolaza mataruma ya chuma. Chuma kilifaa kwa sababu mchwa hawali chuma. Upana kati ya reli na reli ulikuwa mita moja kamili. Kwa kipimo chetu, milimita 25.

Wakati huo Burundi na Rwanda nazo zilikuwa chini ya Wajerumani. Walikuwa na mpango wa tawi lingine kutoka Tabora kwenda upande wa Rwanda, na kazi ilikuwa imeanza, lakini vita vya 1914 vikaikata. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini huku kwetu hakuna reli, jibu si kwamba milima ilishinda tu. Vita navyo vilichangia.

Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji walikuwa na reli yao ya kampuni ya CFL, kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba mpaka Albertville, yaani Kalemie ya leo. Ilifika ziwani mwaka 1915. Nayo ilikuwa ya mita moja. Lakini katika miaka ya 1950 ilipanuliwa mpaka milimita 1,067 ili iungane na reli za Katanga. Tofauti ni milimita 67. Kwenye kipimo chetu haifiki hata milimita 2, ni kama unene wa njiti ya kiberiti. Tunawaambia watoto: tengeneza behewa la Kigoma, halafu liweke kwenye reli ya Kalemie. Linazama katikati! Njiti moja ya kiberiti, na mizigo ya nchi mbili haiwezi kupita bila kushushwa na kupakiwa upya. Mtoto akishaona hivyo kwa macho yake, huhitaji kumweleza tena kwa nini bandari zina wapagazi.

Magurudumu ndiyo kazi ya uvumilivu. Kata duara la sentimita 2 kwenye ndala, halafu kata duara la bati kubwa kidogo na ulibandike upande wa ndani. Hilo bati ndilo ukingo unaozuia gurudumu lisitoke kwenye reli. Watoto wengi wanaweka ukingo nje, kama gari, na behewa linaanguka kwenye kona ya kwanza. Behewa refu haliwekwi juu ya ekseli mbili tu. Linakaa juu ya vigari viwili vidogo, kila kimoja na magurudumu manne, na kila kigari kinazunguka kwenye msumari mmoja wa katikati. Bila hivyo halipindi.

Halafu ubavu. Ribiti, zile pini nene zilizobana mabati ya kweli, tunazitoa kwa kuweka bati kifudifudi juu ya ubao na kubonyeza kwa msumari butu, nukta kwa nukta, kwenye mstari uliopigwa rula. Ukigeuza bati, unaona vichwa vidogo vimesimama. Mlango wa behewa lililofunikwa unakaa katikati na unateleza pembeni, haufunguki kama mlango wa nyumba. Mbona? Kwa sababu mbele yake kuna watu wenye magunia mgongoni, na mlango wa kufunguka nje ungewapiga.

Na ndani ya hayo magunia kulikuwa na nini? Hapo tunarudi ziwani. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongomani, liliingia Kigoma mwezi wa Julai na Tabora mwezi wa Septemba. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka 1921, walipoiachia Uingereza. Lakini hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa Machi 1921 walipewa sehemu yao ya bandari Kigoma na nyingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ilipita hapo.

Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulilazimisha watu wa milima ya Burundi kupanda kahawa. Kahawa ilishuka mpaka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ikapanda meli, ikapita mbele ya mwambao huu wetu ikielekea kusini, ikaingia kwenye behewa Kigoma, halafu Dar es Salaam, halafu Ulaya. Saruji, nguo na mabati vilikuja kwa njia hiyohiyo vikirudi. Njiani, karibu na Kigoma, kuna Uvinza na visima vyake vya maji ya chumvi, ambavyo watu wa ziwa walivitumia karne nyingi kabla ya treni. Kwa hiyo mtoto akituuliza aweke nini ndani ya behewa lake, tunamuuliza kwanza linaelekea wapi. Likienda baharini, weka kahawa. Likija ziwani, saruji na nguo haikosekani.

Behewa bapa, lile lisilo na kuta, lina hadithi yake. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia kwenye makasha 5,000, wakaisafirisha kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na reli ikaileta upande wa Kigoma. Ikaungwa upya na kuingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha ili adui asiipate, lakini mafundi walikuwa wamepaka mashine grisi nzito. Waingereza waliiinua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wengi mnaijua! Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Wakongomani kutoka Kigoma mpaka Uvira. Mwaka 2015 ilichukua wakimbizi Warundi pale Kagunga, kwenye mchanga, ikawapeleka Kigoma. Meli iliyofika kwa mabehewa ya mizigo ikaja kubeba baba zetu, kisha majirani zetu. Ndiyo maana behewa bapa tunalijengea makasha madogo juu, na kila mtoto anaandika namba kwenye kasha lake.

Siku moja mtoto mmoja kutoka Uvira aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha. Alisema: "Tanzania kuna reli, Kalemie kuna reli. Kwetu hakukuwa na kitu?" Alisema kama mtu aliyezoea kuambiwa kwamba kwao ni vita tu. Basi tulimjibu kwa furaha: kwenu kulikuwa na reli. Wakati wa Wabelgiji, reli fupi iliyoitwa CEFAKI ilitoka bandari ya Kalundu, pale Uvira, ikapita tambarare ya Ruzizi mpaka Kamanyola, ikiunganisha ziwa na barabara ya kwenda Bukavu. Leo haipo. Lakini ilikuwepo, upande wa pili wa maji haya. Yule mtoto hakusema kitu. Kesho yake alikuja na kopo lake mwenyewe, na behewa lake likawa la CEFAKI.

Tunasimulia hili kwa sababu hapa ndipo mchezo unapokuwa jambo kubwa. Mkimbizi anaulizwa maswali mengi: jina, ukubwa wa familia, ulivuka lini. Historia yake inaanza siku aliyovuka. Kabla ya hapo ni kama hakuna. Mtoto akikua hivyo, ataamini kwamba yeye ni mtu wa kupokea tu. Lakini akijua kwamba babu yake alibeba gunia lililoingia kwenye behewa, au alilaza taruma, anaelewa kwamba watu wake walijenga kitu.

Kuhusu maandishi ubavuni, hatuandiki ovyo. Behewa la reli ya kati la miaka ya 1960 linaandikwa EAR, kwa sababu reli ilikuwa ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Umoja huo ulivunjika 1977, na hapo ndipo TRC inakuja. Behewa la Kalemie ni CFL, na baada ya 1974 ni SNCZ. Herufi hizo chache zinakuambia mwaka na serikali. Rangi tunatengeneza wenyewe: masizi ya sufuria, udongo mwekundu wa mlimani, gundi kidogo. Udongo unapakwa chini zaidi kuliko juu, kwa sababu vumbi la reli linarushwa na magurudumu, halianguki kutoka mbinguni.

Kulikuwa na ubishi mkali kati yetu kuhusu maandishi ya kopo lenyewe. Wengine walitaka maneno ya msaada yaonekane nje, kwamba ndiyo maisha yetu ya kweli. Wengine walisema hapana, tumechoka kubeba hayo maneno kila mahali. Tuliamua upande wenye maandishi uwe ndani. Ukifungua mlango, unayasoma. Na si uongo, kwa sababu katika miaka ya 1990 chakula cha kambi za Kigoma kilikuja kwa reli hiyohiyo kutoka Dar es Salaam. Maneno yako pale yalipokuwa tangu zamani: ndani ya behewa, pamoja na mzigo.

Wenyeji wetu wa Rumonge nao wana sehemu yao. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mwambao huu kwenda Tanzania, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuanzia 2008 maelfu walirudi, wengine kwa treni maalumu mpaka Kigoma, kisha kwa magari mpaka Burundi. Wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, na kesi za ardhi zikachukua miaka. Kwa hiyo tunapotengeneza treni ya kurudi nyumbani, tusiipambe maua tu. Treni inaweza kukufikisha, lakini haikupi shamba.

Na sasa? Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa reli mpya kutoka Uvinza mpaka Musongati, penye nikeli, kilomita 282. Upana wake ni milimita 1,435, kwetu karibu milimita 36. Behewa la zamani la Kigoma halitaingia hapo hata kidogo. Haitapita Gitaza. Lakini itakuwa reli ya kwanza ndani ya Burundi, na vijana wanaojua kusoma rula na kuuliza mzigo unaenda wapi watahitajika.

Mwezi huu tunaanza behewa la tangi, la mafuta. Tunaomba mambo mawili. Nyinyi wa mashirika, makopo matupu msiyatupe, tupeni sisi. Na nyinyi vijana, kabla ya kuandika herufi ubavuni, nendeni kwa mzee yeyote aliyepita Kigoma, Kalemie au Kalundu, mmuulize: uliona nini kikipakiwa, na nani alikuwa anabeba? Mleteni hilo jibu pamoja na bati lenu.