Nafasi za kujaza: kutoka kipande hadi maikrofoni

Wadau, kiolezo chenye nafasi za kujaza hakikuletwa na kompyuta. Hapa Kenya babu zetu walikivaa shingoni.

Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi iliyochapwa tayari, ndani ya kikebe cha chuma. Jina, kabila, alama za vidole, mshahara, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Nafasi za kazi alijaza mwajiri. Ukiondoka bila sahihi yake, wewe ni mtoro. Mwenye kipande hakuwa na pa kusema lake.

Kisha zikaja programu za imla: unasema, kompyuta inaandika. Dragon NaturallySpeaking ilitoka 1997. Kwenye matoleo yake ya kiofisi unaita barua nzima kwa amri moja, halafu unajaza mapengo kwa sauti. Kiswahili kilisubiri hadi Agosti 2017, Google ilipokiingiza kwenye uandishi wake wa sauti.

Kwa hiyo mkulima wa Mboghoni aliyekanyagiwa migomba na ndovu anaweza kujaza dai lake kwa mdomo. Lakini nikimwekea nafasi za "zao" na "idadi" tu, usiku aliokesha akilinda shamba utaingia wapi?

Anayechora nafasi ndiye anayeamua nini kitasemwa. Violezo vyangu huishia na nafasi isiyo na kikomo: "Maelezo yako". Wenzangu waandika programu, nanyi msiisahau.