Marie Pleyel, mpiga piano wa Brussels

Jirani na majengo ya Umoja wa Ulaya mjini Brussels kuna manispaa ya Saint-Josse-ten-Noode, ambayo hadi mwaka 1853 ilimiliki sehemu ya mtaa huo. Huko ndiko alikofariki dunia, mwaka 1875, Marie Pleyel, mpiga piano aliyezaliwa Paris mwaka 1811.

Wengi humkumbuka kwa sababu ya wanaume. Mtunzi Hector Berlioz alimchumbia mwaka 1830. Mwaka uliofuata, Berlioz akiwa Italia, Marie aliolewa na Camille Pleyel, mtengenezaji wa piano. Berlioz alifunga safari akikusudia kumuua, kisha akaghairi njiani.

Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1835. Kwa mwanamke wa zama hizo, kashfa kama hiyo ilitosha kumfungia milango yote. Yeye alirejea jukwaani, akashangiliwa Leipzig na Vienna, na Franz Liszt akamtunukia mojawapo ya tungo zake. Kuanzia mwaka 1848 hadi 1872 alifundisha piano katika chuo cha muziki cha Brussels.

Jina la Pleyel alilipata kwa mume waliyeachana. Heshima ya jina hilo mjini Brussels aliijenga mwenyewe, kwa miaka 24 ya kufundisha.