Maadilisho: neno linalopitia mahakamani

Hapa Rusimbi, Kigoma, mtoto anayevuruga darasa ana majina mengi, na hayalingani. Akiitwa mtundu, bado anapendwa. Hata fundi hodari husifiwa utundu wake. Mtukutu amekwisha kuwachosha watu. Mkorofi anadhaniwa anakusudia. Akianza kushinda mwaloni, basi ni mtoro. Mwalimu hajamchunguza, lakini hukumu imekwisha kutolewa.

Serikali ina neno lake: maadilisho. Mzizi ni adili. Adilisha ni kumjenga mtu awe na maadili. Shule ya maadilisho ni Kiswahili cha jina tulilorithi kwa Waingereza, ambalo kwao, katika sheria yao ya watoto ya 1933, lilimaanisha tu shule iliyoidhinishwa na serikali. Kiswahili hakikufuata neno, kilitaja kazi, nami nakipongeza: jina la Kiingereza lilimtaja mwenye mamlaka, la kwetu linamtaja mtoto na tumaini lake.

Tatizo ni mlango. Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, hupokea watoto waliokinzana na sheria, kwa amri ya mahakama, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mtoto wa miaka tisa anayepindua madawati na kuwauma wenzake hana kesi, na Mungu amwepushe nayo. Aende wapi?

Elimu maalumu, ungesema. Lakini neno hilo masikioni mwetu ni macho, masikio, viungo, akili. Hapa Kigoma tunaitaja shule ya Kabanga, kule Kasulu, kwa watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Mama wa asiyeona hupewa pole. Mama wa mtukutu huulizwa amelea vipi. Uingereza ilimweka mtoto wa namna hii katika orodha ya wanaostahili elimu maalumu tangu 1945, bila kungoja hakimu. Huku kwetu anakutana kwanza na viboko, ambavyo kanuni za 2002 zinavihesabu hadi vinne bila kuuliza kinachomsumbua.

Husemwa “matatizo ya tabia”. Mimi napendekeza “mahitaji ya kitabia”. Tatizo ni la mwenye nalo. Hitaji linamdai mwingine alitimize. Mwalimu mkuu akiandika “matatizo ya tabia”, barua inakwenda kwa mzazi, aje amchukue mwanawe. Akiandika “mahitaji ya kitabia”, inapaswa kwenda kwa afisa elimu maalumu wa manispaa, aje na mwalimu aliyesomea kazi hiyo.