Mlango wa kwenye ramani na mlango wa kwenye jengo

Mtu akitaka kujenga ghorofa, bweni, hoteli au ukumbi wa starehe katika nchi yetu, hutakiwa kupeleka ramani yake kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla hajachimba msingi. Jengo likikamilika, wakaguzi huja kulitazama kwa macho yao, na baadaye huwa na haki ya kurudi. Wengi huona ni usumbufu mtupu. Husema, "Moto gani huo, na jengo lenyewe bado ni karatasi?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake limo katika historia. Ukizifuatilia sheria za moto za dunia hii utagundua kwamba karibu kila kifungu kiliandikwa baada ya mazishi.

Tuanze na London. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, moto uliwaka katika duka la mwoka mikate, mtaa wa Pudding Lane. Nyumba zilikuwa za mbao na zimebanana. Moto ulikula mji kwa siku nne, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Mwaka uliofuata, 1667, Bunge lilipitisha sheria ya kuujenga mji upya. Kuta ziwe za matofali au mawe, na unene wake ukatajwa. Zaidi ya hayo, mtu hakuruhusiwa kujenga apendavyo. Alilipa ada ya shilingi 6 na peni 8, kisha mpimaji wa mji akaja kumwekea mambo ya msingi. Mmoja wa wapimaji hao alikuwa mwanasayansi mashuhuri Robert Hooke. Basi anayedhani kupeleka ramani ofisini na kulipia ni uzushi wa siku hizi, ajue kwamba jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 350.

Lakini ukuta wa mawe haumwokoi mtu aliyekosa pa kutokea. Somo hilo lilipatikana Chicago, Marekani. Mwezi Novemba 1903 lilifunguliwa jumba la maonyesho liitwalo Iroquois, likitangazwa kwamba haliwezi kabisa kuungua. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, wakati wa likizo, lilifurika watu, wengi wao akina mama na watoto. Taa ya jukwaani ikawasha pazia. Pazia la kukinga moto lililopaswa kushuka likakwama njiani. Matundu ya kutolea moshi darini yalikuwa yamefungwa.

Je, milango haikuwapo? Ilikuwapo, tena mingi. Ila mingine ilifichwa nyuma ya mapazia mazuri, na mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Kwenye ngazi kulikuwa na mageti ya chuma, yaliyofungwa ili waliokata tiketi za bei ndogo wasiteremke kukaa kwenye viti vya bei kubwa. Walikufa watu zaidi ya 600. Ofisa wa zimamoto alikuwa amelitembelea jengo lile kabla halijafunguliwa, akaziona kasoro, na bado halikuzuiwa. Kesi zilifunguliwa, lakini hakuna mwenye jengo wala kiongozi aliyetiwa hatiani kwa vifo vile.

Kutokana na msiba huo, muuzaji wa vifaa vya chuma aitwaye Carl Prinzler, ambaye alikuwa aende kwenye onyesho lile akazuiwa na shughuli, alishirikiana na msanifu majengo Henry DuPont. Mwaka 1908 kifaa chao kiliingia sokoni: fito ya chuma iliyolazwa katikati ya mlango, ambayo mtu akiisukuma hata kwa kifua mlango hufunguka. Ukiiona leo katika hoteli au sinema, kumbuka imetoka wapi.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu wa zamani. Mwezi Juni 1994 wasichana 42 wa Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, waliteketea wakiwa bwenini. Jirani zetu wa Kenya waliwazika wasichana 26 wa Bombolulu mwaka 1998, na mwaka 2001 wakawazika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos. Kyanguli moto ulitiwa kwa makusudi, lakini kilichofanya idadi iwe kubwa kiasi kile ni mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, mkoani Iringa.

Serikali hazikukaa kimya. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2007 iliyounda jeshi moja la zimamoto na uokoaji la nchi nzima, mahali pa vikosi vilivyotawanyika katika halmashauri, na kulipa uwezo wa kukagua majengo. Kenya nayo mwaka 2008 ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura, na madirisha yasiwe na nondo. Ni maandishi mazuri, na ukiyasoma utamwona Kyanguli na Bombolulu katika kila mstari.

Hata hivyo, Septemba 2024, miaka 16 baada ya mwongozo huo, wavulana 21 walikufa katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hapo ndipo ninapotaka tupatazame vizuri. Tatizo letu la leo si kukosa kanuni. Tatizo ni safari ndefu iliyopo kati ya mlango uliochorwa na mlango ambao mtoto ataushika usiku wa manane.

Kwenye ramani ngazi ni pana, milango ya kutokea ni miwili, tangi la maji lipo na gari la zimamoto lina njia ya kupita. Mkaguzi anaridhika, anagonga muhuri. Kisha jengo linaanza kuishi. Mwenye nyumba anaongeza fremu ya duka kwenye njia ya gari. Mwenye duka anajaza maboksi kwenye ngazi za dharura. Mlinzi, kwa kuogopa wezi, anatia kufuli mlango wa nyuma na kwenda nao ufunguo nyumbani. Nimepita katika majengo kadhaa ya mjini na kuiona hali hiyo, na nilipouliza nilijibiwa, "Mzee, hapa pana wizi sana." Hoja ya wizi ni ya kweli. Lakini televisheni iliyoibwa hununuliwa nyingine.

Malalamiko ya wajenzi nayo yana haki yake. Ramani isikae ofisini miezi mpaka mtu atoe "chai". Ofisi inayochelewesha kazi huwafundisha watu kuikwepa, na anayeikwepa hujenga gizani. Lakini dawa ya ukaguzi mbovu ni ukaguzi bora. Chicago walikuwa na mkaguzi, wakakosa mtu wa kusema jengo hili halifunguliwi leo.

Wakaguzi nao hawawezi kulala katika kila bweni la nchi hii. Kazi iliyobaki ni yetu. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni huuliza karo, chakula na matokeo ya mitihani. Aombe pia kuonyeshwa wanapolala watoto. Ahesabu milango, aisukume aone inafunguka upande gani, atazame madirisha, aulize nani hukaa na ufunguo usiku. Mpangaji wa ghorofa ateremke siku moja kwa ngazi za dharura mpaka chini, na nambari ya zimamoto, 114, aijue kwa kichwa.

Kazi hiyo haihitaji uhandisi, wala haichukui dakika kumi. Ukikuta kufuli mahali ambapo ramani ilionyesha njia ya kutokea, usiondoke hapo mpaka limefunguliwa.