Matabishi, Bakshishi na Ujira: Historia Fupi ya Fedha Anayoachiwa Mhudumu wa Mezani

1. Suala lenyewe

Mlaji amalizapo chakula chake mkahawani na kulipa hesabu, hubaki swali moja ambalo karatasi ya hesabu hailijibu: amwachie kiasi gani yule aliyemhudumia? Swali hili laonekana dogo, tena la adabu tu. Wengine hutaja sehemu ya kumi ya hesabu. Wengine husema kila mtu atoe kadiri ya moyo wake. Wengine tena husema asiache kitu, kwa kuwa mhudumu ana mwajiri wake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba majibu haya hayaeleweki bila historia. Kiasi cha fedha hiyo hakikupimwa na ukarimu wa walaji. Kilipimwa na namna kila nchi ilivyoamua ni nani atakayelipa ujira wa mhudumu. Na kwa kuwa fani yetu ni lugha, tutaanza na majina, maana mara nyingi majina huhifadhi yale ambayo watu wamekwisha kuyasahau.

2. Majina yenye kiu

Jambo la kwanza linalomshangaza mtafiti ni kwamba lugha nyingi huiita fedha hii kwa jina la kinywaji. Mfaransa husema pourboire, yaani «ya kunywea». Mjerumani husema Trinkgeld, «fedha ya kunywa». Mrusi humpa mtu fedha «kwa chai», na Mpolandi humpa napiwek, neno lililotokana na bia. Mreno ana gorjeta, kutokana na gorja, yaani koo: ni kitu cha kulowesha koo. Mhispania husema propina, neno la Kilatini lililotoka kwa Wayunani, na maana yake ya asili ni kunywa kwa heri ya mwenzako. Wasomaji wetu wa chuo kikuu watacheka kujua kwamba huko Ureno neno hilohilo, propina, ndilo jina la ada wanayolipa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Neno la Kiingereza, tip, haliko katika ukoo huu. Wengi husimulia kwamba ni herufi za kwanza za maneno matatu ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya kisanduku katika nyumba za kahawa za London, yakiahidi huduma ya haraka kwa atakayetia sarafu. Hadithi hii ni tamu, lakini si ya kweli. Mwanzoni mwa karne ya 17 neno hilo lilikuwa kitenzi katika lugha ya siri ya wezi na wazururaji, na maana yake ilikuwa «kupa» au «kupitisha kitu mkononi». Desturi ya kuunda maneno kwa herufi za kwanza ilienea baadaye sana.

Kwa nini kinywaji? Kwa sababu kinywaji ni kitu kidogo ambacho rafiki humpa rafiki bila kuhesabu. Anayetoa fedha kwa jina hilo hasemi «nakulipa». Anasema «kanywe kwa afya yangu». Jina lafunika malipo kwa vazi la urafiki. Tutaona baadaye kwamba vazi hilo liliwafaa sana waajiri.

3. Njia mbili zakutana Katanga

Sisi wa Kongo tuna maneno mawili, na kila moja lina bahari yake. La kwanza ni bakshishi. Asili yake ni Kiajemi, kitenzi bakhshidan, chenye maana ya kupa na pia ya kusamehe. Lilienea katika nchi za Waturuki, za Waarabu na za Wahindi, likafika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi.

La pili ni matabishi, na asili yake ni Kireno: mata-bicho, yaani «ua-mdudu». Wareno, kama Wafaransa, walikuwa na msemo kwamba tone la pombe kali linalonywewa alfajiri kabla ya kula humwua mdudu akaaye tumboni. Kwa hiyo mata-bicho lilikuwa jina la tone hilo la asubuhi. Nchini Angola likawa jina la chakula cha asubuhi. Katika biashara ya pwani ya Atlantiki likawa jina la kinywaji au zawadi ndogo inayoambatana na mapatano. Hapa pia, basi, twakuta kinywaji.

Njia mbili zilikuwa wazi kwa neno hili kufika kwetu. Moja ilipanda Mto Kongo kutoka Boma na Matadi, pamoja na askari, makarani na wafanyakazi wa Dola Huru ya Kongo iliyoundwa mwaka 1885. Nyingine ilikuwa ya zamani zaidi, njia ya misafara ya Waovimbundu kutoka Angola hadi Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Bunkeya ilifanya biashara na pwani zote mbili: Waswahili na Waarabu kutoka mashariki, watu wa Benguela kutoka magharibi. Ni nchi chache ambazo «ua-mdudu» la Mreno na «kipawa» cha Mwajemi yangeweza kukutana sokoni siku moja.

Mwanaisimu ataona jambo jingine. Sauti ma- ya mwanzo, ambayo katika Kireno ni sehemu ya kitenzi matar, «kuua», ilisikiwa na masikio ya Kibantu kama kiambishi cha wingi. Basi twasema matabishi yangu, matabishi haya, kama tusemavyo malipo yangu, malipo haya. Tena neno limepanuka. Katika masoko ya Lubumbashi matabishi si fedha ya mhudumu tu. Ni pia kile kiganja cha unga au zile nyanya mbili ambazo mwuzaji humwongezea mnunuzi baada ya kupima. Sokoni mwuzaji humpa mnunuzi. Mkahawani mlaji humpa mhudumu. Kinachounganisha matumizi haya mawili ni kwamba matabishi huja baada ya hesabu kufungwa, na nje ya hesabu.

4. Zawadi au deni? Mzozo wa Unguja, 1859

Lakini je, kitu kilicho nje ya hesabu chaweza kudaiwa? Historia ya misafara yetu ina mfano ulio wazi. Mwezi wa Juni 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Unguja kwenda kutafuta maziwa ya bara. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim, na miongoni mwa wasindikizaji walikuwamo watumwa waliokodiwa kwa mfanyabiashara Mhindi aitwaye Ramji. Msafara ulifika Ujiji Februari 1858, ukavuka kwa mitumbwi hadi Uvira upande wetu wa ziwa, ukarudi Unguja Machi 1859.

Kabla ya safari, balozi wa Uingereza huko Unguja, Hamerton, alikuwa ameahidi kwamba watu hao watapewa tuzo watakaporudi. Said bin Salim aliahidiwa fedha nyingi na saa ya dhahabu. Hamerton akafa Julai 1857, msafara ukiwa ndio kwanza umeanza. Waliporudi, Burton alikataa kutoa. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi ile ilikuwa ya zawadi, na zawadi hutegemea mwenendo mwema. Yeye hakuridhika na mwenendo wao. Balozi mpya, Rigby, alilichukua shauri hilo na kuiandikia serikali ya Bombay: watu wamefanya kazi, wameahidiwa, ni lazima walipwe. Serikali hiyo iliegemea upande wa Rigby na kumlaumu Burton.

Tuupime mzozo huu kwa makini, maana ndani yake mna suala lote la makala haya. Kwa Burton, bakshishi ilikuwa fimbo: humpa bwana uwezo wa kuamua mwishoni kama kazi ilimpendeza au la. Kwa wale waliotembea mwezi baada ya mwezi, ilikuwa sehemu ya ujira iliyocheleweshwa. Neno lilikuwa moja, na kila upande ulilisikia kwa sikio lake.

5. Nchi tatu, hesabu tatu

Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuugua ugonjwa huu. Katika karne ya 18 mgeni aliyekula katika nyumba ya tajiri aliwakuta watumishi wamejipanga mlangoni wakati wa kuondoka, kila mmoja akingoja sarafu. Wageni wenye mali kidogo waliogopa mialiko. Mwaka 1760 Jonas Hanway alichapisha barua za kuipinga desturi hiyo, na mabwana wengi wakapatana kuikomesha. Watumishi wakafanya ghasia, hata katika bustani ya starehe ya Ranelagh mwaka 1764. Tusiwacheke. Mabwana walikuwa wamezoea kulipa mishahara midogo kwa kutegemea mifuko ya wageni. Kuondoa fedha ya wageni pasipo kuongeza mshahara kulikuwa kumpunguzia mtumishi chakula chake.

Marekani ilifuata njia ya uchungu zaidi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, watu weusi waliotoka utumwani waliajiriwa kwa wingi katika mikahawa na katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Walilipwa kidogo sana, wakaachwa waishi kwa bakshishi za abiria. Wamarekani wengi waliiona desturi hiyo kuwa ni ya kitwana, isiyofaa katika jamhuri. Jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, na majimbo mengine yakafuata. Lakini kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Wahudumu wa Pullman walichagua dawa nyingine. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya mapambano, mwaka 1937, walipata mkataba wa mshahara.

Wahudumu wa mikahawa hawakupata hivyo. Marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 1966 yaliwaingiza katika ulinzi wa kima cha chini cha mshahara, lakini yakamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya kima hicho. Tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, ilhali kima cha kawaida ni dola 7.25 tangu mwaka 2009. Bakshishi zisipofika, mwajiri hutakiwa ajazie. Majimbo kadhaa, kama California, yanakataza hesabu hiyo. Sasa twaelewa kwa nini vitabu vya adabu vya huko vilitaja asilimia 10 katika miaka ya 1920, na leo mlaji hutarajiwa kuacha 15 hadi 20. Si kwamba moyo wa Mmarekani umepanuka. Ni kwamba amekabidhiwa mzigo wa mwajiri.

Ufaransa ilikwenda upande mwingine. Mwaka 1907 wahudumu wa Paris waligoma. Walidai siku ya mapumziko, walidai wasikatwe fedha na wenye mikahawa, tena walidai haki ya kufuga masharubu, ambayo walikatazwa kama watumishi wa nyumbani. Sheria ya Julai 1933 iliamuru kwamba fedha yote inayokusanywa kwa jina la huduma iwafikie wafanyakazi. Tangu mwaka 1987 bei inayobandikwa ni lazima iwe na huduma ndani yake. Kwa hiyo Mfaransa akiacha sarafu mezani anatoa shukrani tu, na asipoacha hajamdhulumu mtu.

6. Hapa kwetu

Wapo wanaosema kwamba matabishi ni desturi ya mababu. Historia ya neno lenyewe yawakanusha. Lakini desturi ya kutuza tunayo: mcheza kwao hutunzwa. Tuzo ya ngomani hutolewa hadharani, hutolewa kwa ustadi, na mchezaji haifi njaa nyumba yake asipoipata. Kadhalika kilemba, zawadi ambayo mwanagenzi alimpa fundi wake alipohitimu, kilikuwa heshima yenye mahali na wakati wake.

Msiba huanza pale ambapo zawadi inashika nafasi ya mshahara. Neno hongo latufundisha. Wakati wa misafara hongo ilikuwa ushuru halali uliolipwa wazi kwa mtemi ili kupita katika nchi yake. Leo ni jina la rushwa. Kwetu, mishahara ya watumishi wa serikali ilipoliwa na mfumuko wa bei, hasa katika miaka ya kabla na baada ya Oktoba 1993, ambapo zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3.000.000 za zamani, nchi nzima ilijifunza kuishi kwa matabishi. Waliyaita kwa majina ya upole: chai, sukari, maharagwe ya watoto. Twaona tena chakula na kinywaji vikifunika malipo. Hata mwalimu aliwekwa katika hali ya mhudumu wa mezani: kwa miaka mingi wazazi ndio waliomlipa kwa jina la motisha, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na motisha alirudishwa nyumbani. Ndilo tokeo la mwisho la hoja ya Burton: ujira ukiitwa zawadi, mwenye njaa hana wa kumdai ila mnyonge mwenziwe.

7. Hitimisho

Tuachie kiasi gani, basi? Aliye Paris ameshalipa huduma katika bei. Aliye Chicago na asiache kitu amekula kazi ya mtu. Aliye Lubumbashi aulize kwanza kama mhudumu analipwa, na kama fedha anayoiacha itafika mkononi mwake au itaishia katika droo ya mwenye mkahawa. Kisha ampe mwenyewe, mkononi, kwa kiasi ambacho kingemlipia nauli ya kurudi nyumbani usiku. Wengi wa wahudumu hao ni wanafunzi wa madarasa yetu.

Lakini msomaji asidhani kwamba kwa kutoa amemaliza. Matabishi yanayotolewa kwa wema leo hutumiwa kesho kuwa sababu ya kutoongeza mshahara, kama ilivyokuwa katika nyumba za London na katika mabehewa ya Pullman. Historia tuliyoipitia yaonyesha kwamba waliofaulu ni wale waliodai kwanza ujira uandikwe, uhesabiwe na kulipwa. Hapo matabishi yatarudi mahali pake, baada ya hesabu na nje ya hesabu, kama nyanya mbili za sokoni ambazo hakuna anayezidai na kila mtu huzifurahia.