Mawimbi ya sauti hayaharakishi kuunga kwa mfupa

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa kata ya Yakobi, katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, anayevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki au kwa kuangukiwa na gogo hupoteza msimu mzima wa kilimo. Mfupa wa muundi wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga.

Ndiyo maana taarifa za kifaa cha mawimbi ya sauti kinachodaiwa kufupisha muda huo huwavutia wagonjwa wengi. Swali ni iwapo kinastahili gharama yake.

Kifaa hicho si kile kinachotumika kumwangalia mtoto tumboni mwa mama. Hutoa mawimbi hafifu, yasiyosikika kwa sikio, yenye mitetemo milioni 1.5 kwa sekunde na nguvu ya miliwati 30 kwa sentimeta moja ya mraba. Mgonjwa hukiweka juu ya ngozi, penye mvunjiko, kwa dakika 20 kila siku. Lengo ni kuzichochea chembe hai zinazojenga mfupa.

Tiba hiyo ilianza kujulikana kupitia utafiti wa Duarte nchini Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1994 Marekani iliruhusu itumike kwa baadhi ya mivunjiko mipya, na mwaka 2000 kwa mifupa iliyoshindwa kuunga.

Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalipunguza matumaini hayo. Wagonjwa 501 wa Marekani na Kanada, waliovunjika muundi na kuwekewa vyuma, waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa kifaa kinachofanya kazi, jingine kifaa kisichotoa mawimbi. Hapakuwa na tofauti, si katika muda wa mfupa kuunga wala katika uwezo wa kurejea shughulini.

Mwaka 2017 jopo lililochapisha mapendekezo yake katika jarida la kitabibu la BMJ lilishauri kwa msisitizo kifaa hicho kisitumike kwa waliovunjika mifupa. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Uingereza ilikuwa imekikubali kwa mifupa mirefu iliyoshindwa kuunga baada ya miezi tisa.

Kwa mgonjwa wa Yakobi, hivyo basi, fedha na muda ni heri vielekezwe kwenye mambo yenye faida iliyothibitika: kufika hospitali mapema, kupigwa picha ya eksirei, kunyooshwa mfupa na kufungwa P.O.P, au kufanyiwa upasuaji inapobidi. Mvunjiko wenye kidonda huhitaji kusafishwa na kupewa dawa za kuua vijidudu bila kuchelewa. Wagonjwa wenye matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Uvutaji wa sigara huchelewesha mfupa kuunga. Aidha, banzi zilizokazwa kupita kiasi zinaweza kuzuia damu hadi kiungo kikaoza.

Mgonjwa arejee hospitali mara moja endapo vidole vitakufa ganzi, vitabadilika rangi au kuwa vya baridi, au endapo maumivu yatazidi baada ya kufungwa.