Nguzo za zizi na uzio: jinsi ya kuzikinga na mchwa na kuoza

Msikilizaji, itazame nguzo iliyoanguka. Mara nyingi juu ni nzima, na kipande kilichobaki shimoni pia kina nguvu. Imekatika usawa wa ardhi. Hapo unyevu na hewa hukutana, na kuvu wanaoozesha mti wanahitaji vyote viwili. Mvua zetu za Dodoma zikikatika mwezi wa nne, mchwa huendelea na kazi. Mfugaji asipokagua, fisi ndiye atakayemwonyesha nguzo iliyolika.

Anza na mti wenyewe. Kiini cheusi cha mpingo hakiliwi kirahisi, lakini sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote. (Miti ya asili kama mpingo huvunwa kwa kibali, usisahau hilo.) Nguzo nyembamba ya mkaratusi karibu yote ni weupe huo, kwa hiyo bila dawa haidumu.

Menya magome yote, kwani hutunza unyevu na kuwaficha wadudu. Panga nguzo juu ya mawe, kivulini, upepo upite, mpaka ziwe nyepesi. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Mti mbichi umejaa maji, na dawa haina pa kuingia.

Oili chafu ya magari ndiyo inayotumika sana vijijini kwa sababu ni rahisi kupatikana. Husaidia kiasi kuzuia maji, ila ukiipaka kwa brashi huishia juu juu, na ina madini yenye sumu yanayobaki kwenye udongo. Usiitumie karibu na kisima, bustani ya mboga au mahali mbuzi wanapolamba. Kubabua kitako kwa moto nako peke yake hakutoshi: mkaa ni tabaka jembamba, ukipasuka mchwa hupita. Ukiweza, nunua dawa ya mbao iliyosajiliwa, fuata kipimo cha kwenye chombo, vaa glavu, na loweka kitako badala ya kupaka. Dawa ifike sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi.

Shimoni tanguliza kokoto, kisha shindilia udongo na uuinue kuzunguka nguzo ili maji yakimbie. Kichwa cha nguzo kikate mshazari. Nguzo ya kibaraza iweke juu ya jiwe, isiguse udongo kabisa. Mawe Dodoma tunayo ya kutosha.

Vipande vya nguzo za umeme zenye rangi ya kijani vinafaa kwa uzio, lakini visiingie jikoni kamwe. Nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake yanaweza kumuua ng'ombe anayeyalamba.

Kabla ya mvua za Desemba, fukua kiganja kimoja kuzunguka kila nguzo na uichome kwa kisu. Kisu kikizama kama kwenye kiazi, badilisha nguzo hiyo. Ukiona vijia vya udongo vya mchwa vinapanda, vikwangue, kisha rudi baada ya siku chache uone kama wamevijenga tena.